Shilingi Mia Tatu kwa Herufi

Sizya mchora vibao hatozi kwa neno.
Hutoza kwa herufi: mia tatu.
Nukta bure. Alama ya mshangao mia tano,
maana hiyo, anasema, hunywa rangi.

Bi Nyamizi Kapela ameniita mimi
kwa kuwa nilifundisha Kiswahili Isevya miaka kumi na tisa
na nina deni lake la mchele.
"Mwalimu, niandikie kibao cha gesti, kitazame stesheni.
Maneno matamu. Yasizidi elfu thelathini."

Anataka KIFAHARI. Herufi nane, elfu mbili na mia nne.
Nikakipima chumba namba nne kwa hatua:
tatu kwenda, mbili na nusu kurudi, mlango ukiwa wazi.
Fahari, Bi Nyamizi, ni dume la ng'ombe pia.
Humu akiingia, hageuki.
Akacheka, akalifuta neno mezani kwa kidole.

Anataka CHA KISASA.
Sasa ya lini? Ya feni yenye mapanga matatu, moja limepinda,
au sasa ya kalenda ya ushirika wa tumbaku
inayoshikilia kwamba ni Machi,
mwaka ambao mumewe alikuwa bado anaifunua?
Hapo hakucheka.
Nikaomba chai, ambayo sikuitaka.

TULIVU nililipenda mwenyewe.
Nikalala hapo usiku mmoja ili nilihakiki,
na saa tisa na dakika ishirini
mabehewa ya Mwanza yakaachana na ya Kigoma
kwa kishindo cha chuma.
Glasi ya maji ikatembea juu ya kabati hadi ukingoni,
ikasita
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Darasani nilikuwa nikisema: kivumishi hakina nguo yake,
huazima kwa nomino. Chumba kikubwa. Mlango mkubwa.
Ukikivisha ya jirani, sikio hukataa kabla ya akili.
Sikuwaambia watoto kwamba sikio hilohilo hunyamaza
uongo ukiwa na upatanisho mzuri.
*Maji ya moto*: sarufi haina dosari.
Tatizo ni la maji.

Glasi ilikuwa bado inatetemeka geti lilipogongwa.
Mwanamke, mtoto mgongoni, ndoo ya asali mkononi;
treni ya Mpanda ilikuwa haijulikani itaondoka lini.
Kashindye akatoka na tochi, kitenge kimefungwa upande,
hakutaja bei wala mandhari. Alisema:
"Karibu. Shuka nimezipiga pasi jioni."
Mwanamke akaingia namba nne,
akaigusa shuka kwa nyuma ya kiganja
kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa,
akavua viatu.

Asubuhi nikaandika:

GESTI YA NYAMIZI.
KARIBU NA STESHENI.
SHUKA ZIMEPIGWA PASI.
MAJI YA MOTO KWA NDOO.
UKIGONGA TUNAFUNGUA.

Herufi themanini na tatu. Elfu ishirini na nne na mia tisa.
Bi Nyamizi alisoma mara mbili, miwani mkononi.
"Na uzuri uko wapi?"
Nikamwonyesha mstari wa tatu.
"Hizo ni shuka."
Nikamwonyesha wa mwisho. Akanyamaza muda mrefu,
muda wa mtu anayehesabu mageti yaliyomfungukia.

Ijumaa Sizya akapaka, na akakosea:
KARIBU ikamjaza upana wote wa bati,
NA STESHENI ikateremka chini, ndogo, kama mpagazi nyuma ya mzigo.
Ukiwa dirishani mwa treni unasoma lile la juu tu.
Akasema atarekebisha, bila malipo.
Bi Nyamizi akasema aliache hivyo hivyo.

Kisha akatoa mia tano kutoka kwenye pindo la khanga
akanunua alama ya mshangao, baada ya TUNAFUNGUA.
Elfu nne na mia sita zilizobaki
amezikata kwenye deni la mchele.

Ile alama, mimi nisingeiweka.